Tangazo la nyumbani au la wakala: lipi linamshika mtazamaji?

Tangazo la wakala, yaani kampuni inayolipwa kutengeneza matangazo, huja limepigwa pasi: taa sawa, sauti safi, kila neno limekaguliwa. Lile la nyumbani, linalotengenezwa na mnunuzi mwenyewe, huenda kamera ikatikisika, lakini ndani yake tunamwona mtu kama sisi, na hapo ndipo penye mvuto.

Mwaka 2009, Doritos, chapa ya chipsi za mahindi, ilirusha kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, tangazo la ndugu wawili wa Indiana, Joe na Dave Herbert, lililogharimu chini ya dola 2,000. Ofisini, jamaa ameshika tufe la kioo, anatabiri kwamba leo kila mtu atapata Doritos za bure, kisha analivurumisha na kuvunja mashine ya kuuzia vitafunwa. Basi! Likaongoza kura ya watazamaji ya gazeti la USA Today, ambako kampuni ya bia ya Budweiser ilikuwa imetamba miaka 10 mfululizo. Ndugu hao wakazawadiwa dola milioni 1.

Wakala anashinda kwenye udhibiti. Mwaka 2006 kampuni ya magari ya Chevrolet iliwapa watu vipande vya video za gari lake la Tahoe watengeneze matangazo kwa maneno yao. Baadhi wakaandika kuhusu mafuta linayobugia na ongezeko la joto duniani.

Kwa vitafunwa, sabuni au soda, nachagua la nyumbani bila kusita. Kwa dawa au bima, ambako neno moja likikosewa mtu anaumia, nampa kazi wakala.