Tisheti za pamba ya kilimo hai nilizoagiza kutoka Dar: pamba ina ushahidi, fundi hana

Kikundi chetu cha VIKOBA hapa Isevya, Tabora, kilitaka tisheti za sare, na kazi ya kutafuta nikapewa mimi. Tuliangukia chapa moja ya Dar es Salaam inayojinadi kwa mambo mawili: pamba ya kilimo hai, na mafundi "wanaolipwa haki yao". Jina silitaji, kwa kuwa maswali niliyowauliza yanafaa kwa chapa yoyote. Wengi kwenye kikundi tumezaliwa Igunga na Nzega, tumekulia kwenye pamba. Mtu akitumia jina la mkulima wa pamba kuuzia nguo, tuna haki ya kumhoji.

Nguo yenyewe ni shilingi 28,000, nauli ya mzigo kwenye basi juu yako. Hapa mjini tisheti ya kawaida iliyochapwa nembo unaipata kwa nusu ya hiyo. Kitambaa ni kizito, mishono ya begani imepigwa mara mbili, na shingo haijalegea hata baada ya kufuliwa sana. Rangi ya kijani ilichuja kidogo kwenye beseni mara ya kwanza, kisha ikatulia. Nilichomoa nyuzi chache kwenye pindo nikazichoma kwa kiberiti. Za kitambaa ziliungua kama karatasi, zikaacha jivu laini la kijivu. Hiyo ni pamba. Uzi wa kushonea ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu. Hiyo ni polista, inayotokana na mafuta ya petroli. Nguo nyingi za pamba hushonwa kwa uzi wa polista na silaumu hilo, ila kijikaratasi kinachoning'inia shingoni kinasema nguo nzima ni "asilia kwa asilimia 100". Hapo waliongeza chumvi.

Kwenye pamba nawapa heshima yao. Niliwaandikia WhatsApp: "Habari za kazi dada, naomba kujua nani anathibitisha kuwa pamba yenu ni ya kilimo hai." Dada wa huduma kwa wateja hakunizungusha. Alinitumia cheti cha GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, chenye namba ya leseni na jina la shirika lililokagua. Niliiingiza namba ile kwenye tovuti ya GOTS, likatokea jina la kiwanda cha kitambaa, na muda wa cheti ulikuwa haujaisha. Kila mtu anaweza kufanya hivyo kwa simu yake. Ukikuta nembo ya GOTS haina namba wala jina la mkaguzi, usiihesabu kabisa. Daraja lake la juu linataka nyuzi za kilimo hai zisizopungua asilimia 95, na la chini yake asilimia 70. Hukagua kuanzia kiwanda cha kuchambua pamba na kuendelea: rangi, maji taka, na masharti ya kazi pia.

Nembo nyingine huchanganya wanunuzi. OEKO-TEX Standard 100 hupima kemikali zenye madhara kwenye nguo, lakini haikuambii fundi alilipwa nini. Cotton made in Africa, ambayo ina wakulima hapa Tanzania, hukubali pamba ya mvua tu, hukataza mbegu zilizobadilishwa vinasaba na viuatilifu vya hatari zaidi. Naipenda, ila nembo yake ya kawaida haina maana ya kilimo hai. Mkulima bado anaruhusiwa kupulizia.

Na kupulizia ndiko kunakoniuma. Igunga, msimu wa funza wa vitumba ukifika, watu hubeba bomba linalovuja mgongoni, bila glavu, bila barakoa, mtoto ndiye anayechota maji ya kuchanganyia. Mama yangu alikuwa akirudi shambani macho mekundu, kichwa kikimgonga hadi usiku, na kesho yake alirudi kulekule. Mkulima anayehamia kilimo hai hukaa miaka miwili hadi mitatu kabla pamba yake haijatambuliwa rasmi. Muda wote huo anahangaika na samadi, mwarobaini, na alizeti zilizopandwa katikati ya pamba ili wadudu wakimbilie huko. Meatu, mkoani Simiyu, wako kwenye kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Chapa inayonunua pamba ya namna hiyo na kuonyesha cheti inastahili pesa yangu, hata ikiwa ghali.

Jingine ni safari ya pamba. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kusokotwa, na hii nayo ilipita njia hiyo: ikaenda India, ikasokotwa, ikafumwa na kutiwa rangi, kisha ikarudi Dar ikiwa majora ya kitambaa. Dada alilisema wazi bila kubanwa. Sasa kwa nini kijikaratasi kiandike "kutoka shamba hadi kabati, Tanzania"? Waandike ilivyo, mteja ataelewa.

Walipokwama ni kwenye ushonaji. Niliuliza tisheti zinashonwa karakana gani, fundi analipwa kwa mwezi au kwa kipande, saa za ziada zinahesabiwaje, na kama wanachangiwa NSSF. Jibu lilikuwa picha za kina mama wanaotabasamu kwenye vyerehani na ujumbe: "Mama, mafundi wetu ni familia, tunafuata sheria zote." Sheria zenyewe ziko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na anayejifungua ana likizo ya siku 84 yenye malipo. Anayeifuata hapati shida kujibu maswali manne. Nilirudia kuuliza, nikatumiwa picha nyingine.

Kisha nikarudi kwenye cheti. Kinaishia kwenye kiwanda cha kitambaa kule India. Karakana ya Dar haimo, na kwa kanuni za GOTS, nguo haitakiwi kubeba nembo ikiwa walioishona hawajakaguliwa. Yao imeibeba.

Jina la karakana lina uzito wake. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka huko Savar, Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013, watu zaidi ya 1,100 walikufa, wengi wao mabinti wa vyerehani. Watetezi wa wafanyakazi walilazimika kufukua lebo kwenye kifusi ili kujua ni nguo za nani zilikuwa zikishonwa mle. Nike ilikuwa imeanza kuchapisha orodha ya viwanda vyake tangu 2005, na baada ya Rana Plaza kampuni nyingi zikafuata. Leo unaweza kutafuta bure kwenye Open Supply Hub, tovuti yenye orodha ya viwanda duniani, uone kiwanda fulani kinashonea nani. Kama kampuni zenye mamia ya viwanda zinaweza, chapa yenye karakana moja ina kizuizi gani?

Kwenye kikao mwenyekiti wetu aliuliza kwa nini tusinunue mtumba, kwani nguo iliyokwisha kutengenezwa haihitaji maji wala rangi mpya. Hoja yake ni nzuri, na kwa nguo za nyumbani nafanya hivyo. Kwa sare ni vigumu kupata zinazofanana, na mimi bado natamani pamba ya kwetu ipate mnunuzi anayejali.

Kitambaa naipa nyota nne, pamba nne, ushonaji moja. Oda ya wanachama wapya tumeisimamisha. Tumewaandikia barua yenye muhuri wa kikundi tukiomba jina la karakana, nakala ya mkataba wa fundi usio na jina lake, na uthibitisho wa michango ya NSSF. Wakijibu, nitayaongeza majibu yao hapa kama yalivyo.