Merlin, apu ya bure iliyonitajia "paka" wangu wa kichakani

Nyota 5, na sikuomba mtu anilipe.

Sisi tunakaa Columbus, Ohio, nyuma ya apatimenti kuna vichaka vimefungana hatari, basi mwezi wa tano kila nikitoka shifti ya usiku nasikia nyaau, nyaau humo ndani. Mwanangu akaniganda, baba kuna mtoto wa paka ameachwa tumpelekee maziwa. Tukapeleka kisahani siku mbili, maziwa hayakuguswa, na mke wangu anatuangalia tu dirishani.

Jamaa wa kazini akaniambia weka Merlin, apu ya kutambua ndege. Ni ya watu wa Cornell, wale wa maabara ya ndege huko Ithaca, New York, hailipiwi hata senti na matangazo hakuna. Unadaunilodi paketi ya ndege wa eneo lako (nzito hiyo, tumia wifi usimalize bando), baada ya hapo inasikiliza hata bila intaneti. Unabonyeza, simu inachora sauti inakimbia kwenye kioo kama kipimo cha moyo hospitali, na ndege akilia jina linajitokeza. Dakika haijaisha: Gray Catbird. Yaani ndege-paka! Nilicheka peke yangu pale uani na yunifomu ya kazini.

Ila usiishie hapo, nenda ukamwone. Nilikaa kimya kwenye ngazi kama robo saa akatoka mwenyewe: kijivu mwili mzima, kichwani kakofia keusi kamekaa kama mzee anatoka msikitini, mkia mrefu mweusi, na akiuinua tu unaona chini yake rangi ya kutu. Hiyo kutu ndiyo muhuri wake. Dume na jike wanafanana, usijisumbue.

Sauti sasa. Nyau ni mlio tu, wimbo wake ni kitu kingine, anachanganya filimbi, mikwaruzo na vipande alivyoiba kwa ndege wengine, anaweza kwenda mpaka dakika 10 bila kupumzika kama MC wa harusi. Kabla ya Merlin nilikuwa nimenunua apu nyingine ya kulipia, jina lake silitaji, ikanishikilia kwamba huyu ni Mockingbird, ndege mwingine anayeiga sauti za wenzake, hela yangu ikaenda hivyo. Kumbe kuwatofautisha ni rahisi ukishaambiwa: Mockingbird anarudia kila kipande mara tatu au zaidi ndo anahamia kingine, na akiruka mabawa yanaonyesha mabaka meupe. Kuna na Brown Thrasher wa kahawia, huyo anarudia mara mbili mbili. Ndege-paka kila kipande anakisema mara moja anapita, harudi nyuma.

Kama simu haijasikia kitu, Merlin ina maswali matano: uko wapi, lini, ukubwa gani, rangi gani, alikuwa anafanya nini. Mke wangu alijibu kwa kukumbuka tu ndege aliyemwona dirishani na akampata huyo huyo, sasa simu ikiwa mezani siioni tena.

Mkitaka kumjaribu msichelewe, mwezi wa kumi wengi wao huku wanakuwa wameshashuka kusini kwenye joto. Kile kisahani bado kiko nje, dogo amekataa kisiondolewe.