Ziara ya kutwa Lynmouth, Devon, Uingereza: nyota tatu kati ya tano, na sababu zake

Kwetu Pangani chombo hushuliwa kwa kukisukuma mchangani hatua chache tu, na bado watu hutoka jasho. Kwa hiyo kijana aliyetuongoza alipoanza kusimulia habari za Louisa, mashua ya uokoaji, niliacha kupiga picha nikamsikiliza.

Tarehe 12 Januari 1899, merikebu iitwayo Forrest Hall ilikuwa hatarini karibu na Porlock. Lynmouth bahari ilichafuka vibaya, mashua haishuliki. Nahodha wake, Jack Crocombe, akasema basi ipitishwe nchi kavu hadi Porlock Weir. Maili 13! Watu wapatao 100 na farasi karibu 20 wakaipandisha mlima Countisbury usiku huo wa dhoruba. Njia ilipobana walibomoa kuta za mawe. Asubuhi wakaishua, wakapiga makasia, na waliokuwemo merikebuni wakaokolewa wote. Basi letu lilipanda mlima huohuo kwa gia ya kwanza, likiguna kama punda, tena mchana kweupe na kwenye lami.

Kijireli cha kupanda Lynton, mji ulio juu ya jabali, nacho usikikose. Kinafanya kazi kwa maji tangu 1890: tangi la behewa la juu hujazwa maji, likishuka linalivuta la chini kwa kebo. Mama niliyekaa naye alifumba macho mpaka tulipofika. Mimi nilitamani turudie.

Nyota mbili nimezikata kwa ajili ya 1952. Usiku wa Agosti 15, baada ya takriban milimita 229 za mvua kumwagika Exmoor, nyanda za juu nyuma ya kijiji, mito ya Lyn Mashariki na Lyn Magharibi ilishuka na majabali na miti, ikazoa nyumba na madaraja. Watu 34 walikufa. Ukumbi wa kumbukumbu una picha na mfano mdogo wa kijiji kilivyokuwa kabla ya mafuriko, nasi tukapewa dakika kumi, kwa sababu basi lilichelewa kutuchukua Bristol. Dakika kumi! Lakini kwenye duka la zawadi tulikaa nusu saa.

Kijana msimulizi sina ugomvi naye, ratiba si yake. Mkienda, bebeni koti hata kama ni Julai, na ukumbini tangulieni kabla ya chai.