Nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi wa getini

Jina la kliniki silitaji. Ipo mjini hapa Mwanza, na ukutani wamebandika bango la bibi anayecheka na simu janja mkononi. Huyo bibi natamani nikutane naye, nimuulize aliwezaje.

Mama yangu anaishi Ukerewe. Ana kisukari, umri sabini na kitu. Kwenda kliniki kwake maana yake ni kupanda meli Nansio, zaidi ya saa tatu majini, kulala kwangu Igoma, halafu kudamka bila kutia kitu mdomoni kwa sababu kipimo kinataka tumbo tupu. Miadi aliwekewa na mdogo wangu kwa aplikesheni yao. Alilipa elfu ishirini kwa simu, akarudi zake kambini kuvua dagaa. Naeleza haya mjue tulikwenda tumeshalipa, hatukwenda kuomba msaada.

Saa moja na nusu asubuhi tupo getini. Mlinzi, mzee wa makamo, akamwamkia mama, akamsogezea daftari. Mama akaandika jina lake mwenyewe, herufi kubwakubwa za darasa la nne la zamani. Mlinzi akajaza saa pembeni. Mlikumbuke hilo daftari.

Mapokezi kulikuwa na binti na kishikwambi. Hakuinua macho. Mama akangoja kidogo, halafu akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu." Shikamoo yenyewe haikuwa imetolewa. Mimi nilielewa kilichosemwa hapo. Yule binti sidhani.

"Weka kidole, bibi."

Mama akaweka. Mashine ikakataa. Dole gumba, ikakataa. Cha mkono wa kushoto, kakipangusa kwanza kwa kanga, ikakataa. Mikono ile imelima mihogo na kuanika dagaa miaka na miaka, mistari ya vidole imesagika. Wala si jambo geni nyumbani kwetu. Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, foleni zile za kabla laini hazijaanza kuzimwa Januari 2020, vidole vyake viligoma hivihivi, mpaka laini yake ikasajiliwa kwa kitambulisho cha mdogo wangu. Vidole vya wazee na vya watu wa jembe vinasumbua mashine, na wanaouza mashine hizo wanalijua hilo. Sasa ukaiweke mlangoni mwa kliniki ya kisukari, ambako nusu ya benchi ni wazee, ulikuwa unamtegemea nani?

"Basi namtumia namba ya uthibitisho kwenye simu."

Mama akatoa kiswaswadu chake, akakishika mbele kama mtu anayesubiri chenji. Kimya. Namba ilikuwa imekwenda kwa mdogo wangu, maana ndiye aliyefungua akaunti. Na mdogo wangu, kwa wasiojua kazi ya dagaa, usiku wa giza yuko ziwani na taa, asubuhi amelala, simu iko kibandani inachajiwa. Namba inadumu dakika mbili. Zikaisha. Ikatumwa nyingine, nayo ikaisha.

Nikasema tubadilishe, aweke namba yangu. Inawezekana, akaniambia. Ila ili kubadilisha, mfumo unatuma kwanza uthibitisho kwenye namba ileile unayotaka kuibadilisha. Nilicheka. Ni kicheko ambacho kingegeuka kitu kingine kama mama asingekuwa amenishika mkono.

"Dada, mgonjwa ndiye huyu hapa. Unamwona."

"Kaka, mimi nasoma kilichoandikwa. Mgonjwa hajafika."

"Mwambie nimefika tangu jana," mama akasema.

Tukaambiwa tukae pembeni. Tukakaa. Ikapita saa tatu, ikapita saa nne. Waliokuja nyuma yetu wakipangusa simu zao waliitwa, wakaingia, wakatoka na dawa. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa hapahapa ziwani, ikapeleka dawa kutoka bara hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Dawa iliruka maji yote yale. Mama yangu akashindwa kuvuka meza ya mapokezi.

Na msiniambie wazee wa visiwani hawapendi teknolojia. Shemeji yangu kule Buchosa uchungu ulimshika usiku wa manane, wakapiga 115, namba ya m-mama, ile huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, bure, kwa kitochi kilichofungwa mpira ili betri isidondoke. Mtu akapokea, akauliza maswali, gari likatafutwa, likaja. Hiyo nayo ni teknolojia. Hakuna aliyemuuliza ana bando au hana. Aliyeitengeneza alikaa akafikiria mwenye kitochi kwanza. Hawa wa kwetu mjini walimfikiria bibi wa kwenye bango.

Kwenye saa tano mama akaanza kutetemeka. Jasho, na hakuna joto. Mgonjwa wa kisukari, tumbo tupu tangu jana jioni, mnajua maana yake. Nilipiga kelele, nakiri, na maneno mengine siyaandiki hapa. Binti akasema nisubiri, mfumo umekwama. Aliyekuja mbio ni yule mlinzi wa getini, na soda yake mwenyewe aliyokuwa ameshaifungua. Mama akanywa. Muuguzi mmoja aliyekuwa anapita akasimama, akachomoa kile kipimo kidogo mfukoni, akamtoboa kidole. Kidole kilekile kilichokataliwa na mashine kikatoa damu bila ubishi. Sukari ilikuwa chini, hata baada ya ile soda.

Hapo ndipo tukaingia kwa daktari, kwa mlango wa nyuma, bila mfumo.

Sasa niseme kweli, maana nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa sifuri. Yule daktari ni mtu. Alimwamkia mama, akavuta kiti akakaa naye magoti kwa magoti, akachukua karatasi akamchorea jua linachomoza kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa ya usiku. Alimuuliza anakula nini, si "lishe yako ikoje". Na aplikesheni yenyewe, tusiwe wachoyo wa sifa, mara iliyopita ilileta majibu ya vipimo kwenye simu ya mdogo wangu, mama akaokoa nauli ya meli na siku mbili nzima. Kwa mwenye simu na macho mazuri, kitu kile kinasaidia. Jioni ile, tumekula ugali na sato nyumbani, mama amechangamka, nilikuwa nimelainika kabisa. Ningewapa nyota tatu. Labda nne.

Halafu simu ikaita. Mdogo wangu, sauti juu, upepo wa kambini nyuma yake. "Mama yuko wapi? Mama yuko wapi, kaka? Kliniki wanasema hakufika!"

Ilikuwa meseji yao. *Hukuhudhuria miadi yako. Malipo hayarudishwi.* Ameiona jioni alipochukua simu kwenye chaji. Kwa mtu wa Dar labda hiyo ni meseji tu. Sisi watu wa Ukerewe, tangu MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara Septemba 2018, ukituambia mtu alipanda meli na hakufika, umeshatufanya tuanze kuita ndugu. Nilimpa mama simu aongee mwenyewe. Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu, kisha nikamsikia analia, mwanaume mzima, mvuvi.

Basi nyota zote nimezirudisha. Nimebakiza moja, ya mlinzi, na kama ukurasa huu ungekubali nusu, ningemkatia muuguzi nusu. Daktari anisamehe, kaajiriwa pabaya.

Kesho yake nilirudi getini. Mzee akanifungulia daftari bila kuuliza, nikaupiga picha ule ukurasa: jina la mama kwa mkono wake, saa moja na dakika thelathini na tano. Nikawatumia huduma kwa wateja, nikadai elfu ishirini yetu, na nikataka kumbukumbu zirekebishwe kuwa alifika.

Wamejibu haraka, hilo siwanyimi. Wanasema wamepokea malalamiko yangu, ila kabla ya kuyashughulikia ninaombwa niweke namba ya uthibitisho waliyoituma kwenye simu ya mgonjwa. Mdogo wangu yuko ziwani mpaka mbalamwezi itoke.