Kuacha Sigara Kabla ya Ugonjwa: Hofu ya Kesho au Faida ya Leo?

Mvutaji ambaye bado ana afya njema huweza kusukumwa aache sigara na mambo mawili: hofu ya maradhi yajayo, au faida anazozipata mapema.

Hofu ina ushahidi mzito. Utafiti uliowafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia mwaka 1951, ambao Richard Doll alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ulionyesha katika matokeo ya mwaka 2004 kwamba wavutaji wa kudumu walipoteza takribani miaka 10 ya maisha, ilhali walioacha wakiwa na umri wa miaka 50 waliokoa kama 6, na walioacha wakiwa na miaka 30 waliepuka karibu hasara yote. Hata hivyo, saratani ya mapafu huchukua miaka mingi kujitokeza, na kijana anayepanda ngazi bila kuhema huiona kuwa habari ya wazee.

Faida za karibu hazitishi, lakini huonekana. Katika muda wa saa 12 hivi baada ya sigara ya mwisho, kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa sigara, hushuka katika damu hadi kiwango cha kawaida. Tena fedha ya pakiti hubaki mfukoni siku hiyo hiyo. Udhaifu wake ni kwamba uchu wa nikotini unapopamba moto, akiba hiyo ndogo husahaulika upesi.

Kwa maoni yangu, faida za karibu humfaa zaidi anayeanza, hasa kijana. Hofu humsaidia zaidi aliyewahi kumwuguza mzazi mvutaji, kwa kuwa ameyaona mateso hayo kwa macho yake.