Kadi ya Buluu ya Ujerumani, Ikitazamwa kutoka Kampala

Miongoni mwa viza za ukaazi wa muda mrefu zinazozungumzwa na wataalamu wa teknolojia hapa Kampala, ninayoiona kuwa na masharti yanayoeleweka zaidi ni Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya inayotolewa na Ujerumani, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu wanaotoka nje ya Umoja huo. Nasema hivyo nikiwa msimamizi wa waandishi wa programu, ambaye hulazimika kuandika barua za kuthibitisha utumishi wa wale wanaoondoka, na kwa hiyo huyaona mafaili yao yanapokamilika na yanapokwama.

Sifa yake kubwa ilipatikana Novemba 2023, sheria ya Ujerumani ya uhamiaji wa wenye ujuzi iliporekebishwa. Tangu hapo mtaalamu wa teknolojia ya habari asiye na shahada anaweza kupewa kadi hiyo iwapo ana mkataba wa kazi inayolingana na ujuzi wake, pamoja na uzoefu wa angalau miaka 3 alioupata ndani ya miaka 7 iliyopita, na uwe wa kiwango cha kazi ya mhitimu wa chuo kikuu. Mshahara nao usipungue kiwango ambacho hupangwa upya kila Januari. Kwa mwaka 2025 kilikuwa euro 43,759.80, yaani karibu euro 3,650 kwa mwezi kabla ya kodi, bima ya afya na pensheni, makato ambayo kwa mtu asiye na familia hukaribia theluthi ya mshahara. Sheria yenyewe haidai Kijerumani, ingawa mwajiri anaweza kukidai. Kwa mji ambao vijana wake wengi hodari walianza na stashahada, au na mafunzo ya miezi michache tu, hilo ni jambo kubwa.

Ugumu huanza pale uzoefu unapotakiwa kuonekana kwenye karatasi. Kijana aliyefanya kazi kwa makubaliano ya mdomo, akalipwa kwa pesa za simu na asipewe hati ya mshahara hata mara moja, anaweza kuwa na ujuzi wote unaotakiwa na bado akakosa cha kuonyesha. Barua ya mwajiri isemayo kwamba fulani alikuwa mwaminifu na mwenye bidii haimsaidii mtu. Inayosaidia hutaja tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mifumo aliyoijenga, lugha za programu alizotumia na mamlaka aliyokuwa nayo katika maamuzi ya kiufundi, kisha hutiwa saini na mtu ambaye cheo chake kimeandikwa na anayeweza kupatikana kwa simu. Pamoja nayo, ushahidi ninaouthamini kuliko mwingine ni taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuwa mwajiri. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, kila mwajiri nchini Uganda anapaswa kuchangia asilimia 10 na kumkata mfanyakazi asilimia 5, hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Wanaolalamikia makato hayo kila mwisho wa mwezi wangeyatazama kwa jicho jingine wakijua kwamba siku moja yatawatolea ushahidi.

Mwenye shahada ana njia nyepesi kidogo. Aanze kwa kutafuta chuo chake, kiwe Makerere, Kyambogo au Mbarara, katika Anabin, hifadhidata ya Kijerumani inayoonyesha jinsi vyuo na shahada za nje zinavyotambuliwa. Asipoipata shahada yake humo, ataomba hati ya ulinganisho, inayoeleza shahada yake inalingana na ipi ya Ujerumani, ambayo ada yake ni euro 208.

Kwa gharama, tofauti na Uingereza ni kubwa mno. Viza ya Ujerumani ni euro 75, na kadi yenyewe hulipiwa baadaye kama euro 100. Viza ya Uingereza ya vipaji, Global Talent, ilikuwa pauni 766 mwaka 2025, na juu yake kuna tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka. Anayeomba miaka 5 hulipa karibu pauni 6,000 kabla ya kununua tiketi, na kila mtu wa familia hutozwa vyake. Kwa haki, viza hiyo haihitaji mwajiri kabisa, na mwenye jina lililokwisha kutambuliwa katika fani yake asiiache kwa sababu ya bei. Viza ya dhahabu ya Dubai, ya miaka 10, inataka mshahara wa dirhamu 30,000 kwa mwezi, na kwa walio wengi mazungumzo huishia hapo.

Alama ninazoipunguzia Ujerumani ni za utaratibu. Maombi ya viza za muda mrefu sasa huwasilishwa kwa mtandao, lakini mwombaji bado anapaswa kufika mwenyewe na hati zake halisi, na kungoja miadi kunachosha. Dawa ipo, ila iko mikononi mwa mwajiri: anaweza kuanzisha utaratibu wa haraka katika ofisi ya wageni ya mji wake, ile inayoshughulikia vibali vya ukaazi, kwa ada ya euro 411, na idhini ikitoka, ubalozi hutakiwa kutoa miadi ndani ya wiki 3 na kuamua, kwa kawaida, ndani ya wiki 3 nyingine baada ya maombi kukamilika. Jambo hilo liombwe wakati wa kujadili mkataba. Wakala wa hapa mjini anayedai mamilioni ya shilingi kwa ahadi ya kuharakisha miadi hana uwezo huo, na mmoja wa vijana wangu alimlipa wakala wa namna hiyo bila kupata chochote.

Kinachonifanya niipendekeze hata hivyo ni yanayofuata baada ya kufika. Mwenza hatakiwi kujua Kijerumani kabla ya kusafiri na anaruhusiwa kufanya kazi mara moja. Baada ya miezi 12 mtu anaweza kubadili mwajiri bila kuiarifu ofisi ya wageni. Ukaazi wa kudumu huombwa baada ya miezi 27 ya kazi na michango ya pensheni kwa mwenye Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, au miezi 21 kwa mwenye B1, ngazi ya kati, kwa hiyo ada ya masomo ya jioni Goethe-Zentrum hapa Kampala inaweza kununua nusu mwaka. Uraia huja baada ya miaka 5, kwa kuwa njia ya miaka 3 ilifutwa Oktoba 2025. Ujerumani imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu Juni 2024, na Uganda inauruhusu pia, mradi mhusika auombe kwa idara ya uhamiaji.