Kliniki ya uzazi wa mpango ya serikali: siku ya kwanza

Huduma ya uzazi wa mpango kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali Tanzania ni bure: kondomu, vidonge vya majira, sindano, vijiti, kitanzi. Atakayekuhudumia mara nyingi ni muuguzi, si daktari, na muuguzi aliyefunzwa anaiweza kazi hii vizuri kabisa. Ruhusa ya mume si sharti.

Kliniki nzuri utaitambua kabla hujapewa chochote. Mlango unafungwa, unavalishwa mkanda wa presha, maswali yanaanza. Unanyonyesha mtoto wa umri gani? Unavuta sigara? Kichwa huwa kinauma upande mmoja huku macho yakiona vimulimuli? Una dawa za kifua kikuu au kifafa? Muuguzi hakuchunguzi maisha. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha ya 140/90 kwenda juu, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, na rifampicin, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vidonge na ya kijiti. Nenda na pakiti za dawa unazomeza. Ukikabidhiwa majira bila kupimwa presha, omba upimwe kwanza.

Kasoro inayoudhi zaidi ni ile ya "rudi ukiwa kwenye siku zako". Hofu ya wahudumu ni kwamba huenda tayari una mimba, lakini yapo maswali ya kuiondoa hofu hiyo papo hapo: hedhi imeanza ndani ya siku 7 zilizopita? Umejifungua ndani ya wiki 4? Hujakutana na mwanamume tangu hedhi iliyopita? Ndiyo moja tu, bila dalili za mimba, inatosha kuanza leo njia inayokufaa. Ukiwekewa kijiti au ukichomwa sindano baada ya siku ya 7 ya hedhi, tumia kondomu siku 7.

Kijiti cha Implanon kina urefu wa sentimita 4, unene kama njiti ya kiberiti. Kinawekwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono usioutumia sana, juu ya kiwiko, kwa hiyo vaa blauzi ya mikono mifupi. Kinachouma ni sindano ya ganzi. Kabla hujainuka, kipapase mwenyewe kwa vidole. Kisipopapasika, usihesabu kwamba una kinga. Hicho ni cha miaka 3. Jadelle, yenye vijiti viwili, ni miaka 5.

Sindano ya Depo ni kila miezi 3. Anayetaka mtoto mwakani aambiwe mapema kwamba mimba huweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya kuiacha.

Upande wa damu ndipo maelezo yanapopungua sana. Kwa kijiti na sindano, hedhi huvurugika: matone ya kila mara, au kukatika kabisa. Asiyeambiwa hudhani ameharibika, akarudi kudai kitolewe. Na hapo kliniki nyingine hukwama, hasa aliyekuwekea akiwa alikuja na huduma ya mkoba, yaani wahudumu wa kupita tu, na ameshaondoka. Kijiti kilichowekwa vizuri hutolewa kwa dakika chache. Kilichozama kinahitaji fundi. Basi siku ile ile ya kuweka, uliza: hapa nani anatoa, na siku gani? Jibu uandikiwe kwenye kadi, karibu na tarehe ya kurudi.